Pikapu Iliyokwenda Kumwona Mama Mkwe

Ukitoa dramu, beba jiwe. Methali hiyo mmeisikia kwa shangazi yenu mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka huku huku kwetu milimani, na kabla hamjaanza kufunguafungua vitu, kaeni msikie ilivyozaliwa.

Ambakisye alikuwa na pikapu ya kubebea viazi, na alikuwa na mchumba, Tusekile. Kilichowatenganisha ni breki. Kila mvua iliponyesha, maji na tope viliingia kwenye dramu za magurudumu ya nyuma, yale makopo ya chuma yenye breki ndani, na pikapu ikawa inasimama inapotaka yenyewe. Jumapili moja ilipitiliza lango la kanisa ikaenda kutulia katikati ya migomba, huku Mzee Mwaisumo, baba yake Tusekile, akitazama. Mzee akatangaza pale pale kwamba binti yake hataolewa na mtu ambaye gari lake halijui kusimama.

Ambakisye akamwendea fundi Lusajo, akamwambia ang'oe dramu zote mbili, aweke breki za diski kama za magurudumu ya mbele. Fundi akaziweka, ila alimweleza kwamba handbreki ilikuwa inafanya kazi humo humo ndani ya dramu, na diski hizo alizozipata hazikuwa na mahali pa kuishikisha. Akamsihi asubiri amtafutie nyingine zenye handbreki yake. Ambakisye hakutaka kusikia. Posa ilikuwa Jumamosi. Alisema atakuwa anaegesha kwa kuacha gia imeingia, basi.

Wanangu, mtu mwenye haraka husikia kwa sikio moja.

Jumamosi akateremka na wazee wake hadi kwa Mzee Mwaisumo, nyumba iliyo kwenye mteremko. Akakanyaga breki, pikapu ikasimama tuli. Mzee, aliyekuwa barazani, hata akatabasamu. Kwa furaha ile Ambakisye akavuta handbreki kama alivyozoea, akatoa gia, akashuka. Mkono wa handbreki ulikuwa umepanda vizuri sana, ila haukuwa umeshika kitu. Kilichozuia gurudumu kilikuwa kifusi kidogo cha udongo.

Katika ukoo ule, mchumba hukaa mkekani kichwa chini, hasemi wala hainuki mpaka posa ipokewe. Mama mkwe naye hujificha jikoni, maana wawili hao hawatazamani usoni. Mshenga alikuwa mjomba Anyosisye, mtu wa hotuba ndefu. Alipofika kwenye kuisifu pikapu, vijana wawili wakaikwea kushusha sukari na kreti za soda. Ikatikisika. Ambakisye, akichungulia kwa pembe ya jicho, akaiona inapita mlangoni polepole, kama mgeni anayetafuta choo.

"Mjomba," akanong'ona.

"Nyamaza. Mchumba haongei."

"Mjomba, gari."

"Nimeshalitaja. Nimesema linasimama vizuri."

Ambakisye akamruka mjomba, mkeka, na miguu ya wazee watatu, akatoka mbio. Vijana walikuwa wamekumbatia kreti juu ya pikapu, nayo inaelekea jiko la nje, taratibu bila aibu. Mara mlango wa jiko ukafunguka, mama mkwe akatoka amebeba jiwe lake la kusagia, akalitupa mbele ya gurudumu. Pikapu ikapanda nusu, ikarudi, ikatulia.

Wakajikuta uso kwa uso, mama ana unga hadi viwikoni. Wote wawili wakageuka haraka wakapeana migongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo umenifuata jikoni na gari?"

Mzee Mwaisumo akafika, akaizunguka pikapu, akatazama zile diski zinazong'aa. "Kusimama limejifunza," akasema. "Kutulia bado." Akawaambia wageni wanywe soda zao warudi nyumbani. Posa itapokewa handbreki ikishapatikana.

Ambakisye akapanda garini kichwa chini. Mama mkwe akasukuma jiwe kwa mguu, bado amempa mgongo.

"Lichukue, mwanangu, kwako kuna mteremko. Ukitoa dramu, beba jiwe."

Wageni walicheka mpaka nyumbani, na maneno yakaenda nao. Tusekile alingoja hadi mavuno ya viazi, handbreki ilipopatikana na posa ikapokewa.

Basi nanyi, kila mkiona kitu cha zamani mnataka kukitupa, subirini kidogo. Ulizeni kwanza kilikuwa kinashika nini kingine. Na kama haraka imewazidi, wanangu, ukitoa dramu, beba jiwe.