Muhogo Mchungu Hausikii Kilio

Muhogo mchungu hausikii kilio. Ndivyo mwuguzi Salima alivyomwambia kijana wa watu leo asubuhi pale zahanati, alipoomba asimalize vidonge vyake kwa kuwa kikohozi kimekwisha na vidonge vinamchafua tumbo. Ninyi mliokuwa kwenye foleni mkacheka, mkadhani mama yule na magongo yake mawili anaropoka habari za mihogo mbele ya wagonjwa. Sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Chilengani, uani kwa mwanamke aitwaye Somoe, na yalianza namna hii.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Mahindi yalikauka kabla hayajabeba, na kilichobaki ardhini kikawa muhogo mchungu, ule ambao wazee waliupenda kwa sababu nguruwe hausogelei na mwizi anauogopa. Desturi ya kuula iliwekwa zamani: umenye, uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Lakini kuanika kunataka subira, na njaa haina adabu. Watu walianza kutwanga muhogo ukiwa bado na unyevu, wakachekecha na kusonga ugali siku hiyo hiyo. Kumbe ukame nao ulikuwa umeuzidishia muhogo ukali wake, na hakuna aliyelijua hilo.

Somoe alikuwa na watoto wawili. Salima, mkubwa, alikuwa binti mwepesi aliyepanda na ndoo ya maji kutoka bondeni huku akiimba, wakati wenzake wanahema. Mfaume, wa mwisho, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbiza kuku. Asubuhi moja Salima alitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa. Haikuvimba wala haikuuma, ilikakamaa tu kama michi. Somoe alimwinua, akaanguka. Akamwinua tena, akaanguka tena. Kabla ya wiki kwisha, mtoto wa jirani naye akaanguka hivyo hivyo.

Watu walisema ya kusema. Wengine walitaja shetani, wengine upepo mbaya. Mama mkwe wake Somoe, Bi Nangumbi, hakutaka maneno mengi. "Mtoto hana nguvu," alisema, akashika mwiko. "Mwongezeni ugali." Na kijiji kizima kilifanya vivyo hivyo: aliyeanguka alimegewa tonge kubwa kuliko wenzake, kutoka kwenye unga ule ule. Walikuwa wakiwalisha watoto sumu kwa mapenzi, na jambo hilo linauma mpaka leo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizo alifika mwanamke aitwaye Fidea, mtaalamu kutoka kituo cha utafiti wa mazao. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanakula nini na wanakipikaje. Somoe hakuwa na hamu ya maswali ya jikoni. Alimpeleka moja kwa moja kitandani kwa Salima.

"Utamsimamisha mwanangu?"

Fidea aliigusa ile miguu, kisha akasema bila kutafuta maneno matamu, "Hapana, dada. Miguu ikishakakamaa hivi sina dawa yake. Hata hospitali kubwa hawana."

"Basi umefuata nini kwangu?"

"Nimefuata miguu ambayo bado inakimbia," Fidea alijibu, akamtazama Mfaume aliyekuwa uani na kuku wake.

Somoe angeweza kumfukuza, na nani angemlaumu? Alilia pale pale, mbele ya mgeni, bila kujificha. Alipokwisha kulia alijifunga kanga kiunoni. "Nionyeshe," alisema.

Fidea akamweleza. Ule uchungu wa muhogo ni dalili ya sumu, na katika unga wa haraka sumu bado imo. Lakini ukiulowanisha unga kwa maji kidogo, ukautandaza mwembamba kwenye jamvi kivulini mpaka alasiri, sumu hugeuka hewa ikaenda zake.

"Nitajuaje kwamba imekwenda?" Somoe aliuliza. "Kwa macho unga ni ule ule."

Fidea alifurahi kuulizwa hivyo. Alitoa chupa mbili zenye vifuniko na vipande vya karatasi ya manjano. Karatasi zile zilikuwa zimetiwa dawa. Zikikutana na hewa ya sumu ndani ya chupa, hugeuka kahawia. Somoe mwenyewe akachota unga alioutwanga asubuhi ile akautia katika chupa ya kwanza pamoja na maji kidogo, akaning'iniza karatasi ndani na kufunga. Chupa ya pili ingesubiri unga wa jamvini. Kisha akalowanisha unga wote uliokuwamo nyumbani, akautandaza kwenye kivuli cha ukuta, akakaa kando yake.

Majirani walichungulia juu ya ua wakacheka. "Jamani, Somoe analowesha unga kisha anauanika! Maji yamemzidi unga!" Jua lilifika utosini. Mfaume, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, alianza kulia. Mwanzo alilia kwa sauti, kisha kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka, ambacho humkata mama maini.

Bi Nangumbi alitoka jikoni na sufuria. Aliinama jamvini, akaanza kukusanya unga. Somoe akamkamata mkono, jambo ambalo mkwe hamfanyii mama mkwe wake.

"Niachie. Mtoto analia."

"Namsikia, Mama."

"Unamsikia na umekaa? Una moyo wewe, au una jiwe?"

"Alasiri haijafika. Unga bado."

"Nimelea watoto kwa muhogo huu kabla wewe hujazaliwa! Mtoto analia, Somoe!"

"Muhogo mchungu hausikii kilio, Mama!" Mkono wa Somoe haukulegea. "Hausikii cha Mfaume, hausikii changu. Salima tulimhurumia, tukampa tonge la kwanza, tukamwongeza na la pili. Muhogo ungekuwa na masikio, leo angekuwa anatuchotea maji."

Majirani juu ya ua waliacha kucheka. Ndani ya nyumba, kitandani karibu na mlango, Salima akasema, "Bibi, mwache alie."

Bi Nangumbi alisimama na sufuria yake. Wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye methali hiyo aliwafundisha wengi. Aliurudisha unga jamvini, akausawazisha kwa kiganja. Kisha akamchukua Mfaume, akambeba mgongoni, akazunguka naye ua mpaka alasiri, mtoto analia na bibi analia.

Ilipofika alasiri Somoe alitia unga kidogo katika chupa ya pili, akaufunga kama ule wa kwanza. Uliobaki akasonga ugali, wakala.

Asubuhi yake walizitazama chupa. Karatasi ya kwanza ilikuwa imegeuka kahawia kama tumbaku. Ya pili ilibaki manjano. Bi Nangumbi alizishika zote mbili, akazigeuza juani. Alijitanda kanga yake akatoka nazo, akaenda mlango kwa mlango, akianzia kwa wale waliocheka. Toka siku ile hakuna aliyelinda majamvi ya Chilengani kama yeye. Akimwona mama anakusanya unga kabla ya wakati, hupiga fimbo chini na kumpigia kelele maneno yale yale aliyoambiwa na mkwewe. Na katika nyumba zilizotandaza jamvi, hakuanguka mtoto mwingine.

Salima hakupona. Ila Fidea aliporudi na karatasi zake, alimkabidhi yeye kazi ya kupima unga wa kijiji, naye aliifanya akiwa kitandani mpaka alipopata magongo. Kwa magongo hayo alikwenda shule, na kwa magongo hayo akarudi na kazi ya uuguzi.

Kwa hiyo msimcheke. Anamhurumia yule kijana na tumbo lake, tena sana. Lakini yeye alihurumiwa kwa tonge la kwanza na la pili, na anajua huruma hiyo ilimfikisha wapi. Ugonjwa ule kifuani hautauliza kama vidonge ni vichungu. Muhogo mchungu hausikii kilio.