Mfereji Nyuma ya Nyumba

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya biashara mlimani, chini kidogo ya barabara. Aliitwa Mzee Hoza. Nyumba ilikuwa ya udongo, aliijenga mwenyewe alipokuwa na nguvu, na sasa uzeeni ndiyo iliyomlisha. Hakuwa na shamba, wala mtoto wa kumtumia chochote. Alimpangisha Singano, mwenye mashine ya kusaga.

Miaka ilikwenda vizuri. Kisha mahindi yakakauka mashambani, watu wakawa hawana cha kusaga, na Singano akashindwa kulipa kodi. Mwanzoni Hoza alivumilia. Baadaye akanuna. Mwishowe akawa anapita pale kila asubuhi, hasalimii, anakagua tu kuta. Na mtu aliyekwisha kukasirika, jamani, haachi kuona. Akaona nyufa zilizoletwa na mtikisiko wa mashine. Akaona tundu la bomba la moshi. Akaona na mfereji ambao Singano aliuchimba nyuma ya nyumba bila ruhusa, ukamega kiwanja. Yote hayo akayaweka moyoni, yakawa yanamnyima usingizi.

Wakafikishana barazani. Singano hakubisha, alikubali deni, akakubali na uharibifu. Aliuza mashine yake, mkate wa watoto wake, akalipa kodi yote mbele ya wazee. Wazee wakamsihi Hoza: mwenzio amelipa, basi azibe nyufa na tundu, yaishe. Hoza akatikisa kichwa.

"Nataka nyumba yangu kama nilivyompa," akasema. "Hata ule mfereji aufukie."

Singano akauliza: "Mzee, na maji ya mlimani?"

"Kwani kabla yako hayakuwepo?"

Ni kweli, yalikuwepo. Kila masika yaliulowesha ukuta wa nyuma, na kila kiangazi Hoza aliukandika upya kwa mikono yake. Lakini ilikuwa zamani, naye alishasahau. Tena siku zile mlima ulikuwa na miti, na ukuta haukuwa na nyufa.

Basi Singano akaziba nyufa kwa juujuu, maana ufa wa ndani hauzibiki, akaziba na tundu. Kisha akafukia mfereji. Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alipanga mawe, akamwaga udongo, akashindilia, akapanga tena, na Hoza amesimama pembeni akikanyagakanyaga kuona kama pameshikana. Palishikana. Singano akabeba virago vyake, akaenda zake.

Mvua ya masika ikaja mchana mmoja. Hoza alikuwa ndani, akipima mahali pa kuweka kaunta ya mpangaji mpya, aliposikia mvumo nyuma ya nyumba. Akatoka mbio. Maji yalikuwa yamejaa mpaka usawa wa goti, yameegemea ukuta, hayana pa kwenda. Akashika jembe, akakimbilia pale palipokuwa na mfereji, akachimba. Jembe likagonga mawe. Akalitupa, akachimba kwa vidole, akimwita Singano kwa jina, naye Singano yuko mbali. Majirani wakamvuta mpaka mahali salama. Alikuwa bado anawasukuma ili arudi, ukuta ulipobinuka, ukalala, na paa likafuata.

Haki yake alikuwa ameipata yote. Hakuna alichodai asipewe, na hakubakiwa na mtu wa kumpeleka barazani.

Nawe ndugu yangu uliyekaa hapo na madai yako moyoni, katika hayo unayomhesabia mwenzako kuwa ni makosa, una hakika hakuna hata moja linalokushikilia usianguke?