Vichwa Vilivyoelekea Bondeni

Paukwa!
Pakawa!
Mmenijibu kama mliolishwa usingizi. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji mlimani, nusu juu kwenye jua, nusu chini bondeni kwenye ukungu. Ukungu ule haukuwa na haraka. Ulikuja alfajiri, ukakaa, ukakaa, hata ukimwita mwenzako unajibiwa na sauti isiyo na mtu.

Katikati palikuwa na nyumba ndefu ya wagonjwa, na mlezi wao alikuwa Bibi Tupoke. Mkongwe, mkavu, mkali. Ukimficha panapouma, anakufinya papo hapo! Kila mgonjwa alimlaza kichwa kikielekea kwao. Ndiyo mila yao: roho ikitoka kutembea ndotoni, ijue njia ya nyumbani.

Basi ukaja ugonjwa. Tumbo linajaa, linajaa, ndi! Macho yanakuwa manjano. Mtu anayeyuka polepole huku akitazama paa. Wakafa watatu. Wakafa saba.

Watu wakanong'ona: "Ni Atuganile." Huyo alikuwa mke mgeni, aliyeolewa bondeni mwaka uliopita. "Tangu aje, tunakufa." Penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku ile paliharibika. Jumbe akakata shauri: siku ya tatu mwanamke avushwe mto, asirudi. Mtoto wake abaki.

Atuganile akaenda kwa Bibi Tupoke, akapiga magoti.

"Bibi, sina uchawi. Nina mtoto anyonyaye."

"Nyamaza, mjukuu wangu. Niache nitazame."

Bibi akasimama mlangoni, akatazama mikeka. Akatazama tena. Wenye kikohozi, vichwa huku na huku. Wenye homa, huku na huku. Wenye matumbo, vichwa vyote bondeni. Wa juu hakuna hata mmoja!

Akashuka, ti, ti, ti, fimbo ikigonga mawe ukunguni. Nyumba ya kwanza akafunua kihenge cha mahindi: kuvu. Ya pili: kuvu. Ya tatu: kuvu. Akatafuna punje, akatema. Chungu!

"Mbona mnakula haya?" akamuuliza mwenye nyumba.

"Tunayaosha, Bibi. Chakula hakitupwi."

"Na nani aliwafundisha kuyafungia kabla hayajakauka?"

Yule mtu akatazama chini. "Ni wewe, Bibi. Mwaka jana, nyani walipovamia mashamba. Ulisema tuvune mapema, tufungie. Wa juu hawana nyani, wao walisubiri jua."

Bibi Tupoke akaketi palepale. Ukungu ukamfunika, ukabaki mgongo tu ukitikisika. Alilia, wenzangu, na mimi nikifika hapa huwa nalia naye.

Siku ya tatu kijiji kizima kikawa mtoni. Mtoto amekwisha kupokonywa, analia ng'aa! ng'aa! Bibi akapasua umati.

"Mnasema tangu aje huyu. Mwaka aliokuja ndio mwaka niliosema mimi watu wa bondeni wavune mapema. Mahindi ya bondeni yameoza kwa shauri langu, na ndiyo yanayowaua. Kama kuna wa kuvushwa, ni mimi."

Akatia mguu majini, chubwi! Maji yakafika magotini.

Aliyemfuata ni Atuganile. Akaingia mtoni, akamshika mkono.

"Bibi, rudi. Ukienda, nani atawatazama wanaopumua bado?"

Jumbe akaona haya. Akamrudishia mama mwanawe, kwa mikono yake mwenyewe. Mahindi yakachomwa, moshi wake ukalala bondeni siku nne. Wa juu wakagawa chakula, wengine kwa kununa. Wagonjwa wengine walipona, wengine hawakupona, na kila alipozikwa mtu, Bibi alikuwa wa kwanza kufika penye kaburi kuomba radhi. Lakini tumbo jipya halikujaa tena.

Msiba ukiingia, msikimbilie kuuliza nani. Ulizeni wapi, ulizeni lini, ulizeni tunakula nini. Na jibu likija na jina lako, litaje wewe kwanza, kabla mtoto wa mwenzio hajanyang'anywa ziwa la mama yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami nakaa chini.