Kuku wa Walengwa

Unga wa msaada ulipofika kijijini, ulikuja na sharti: wapewe maskini tu, na mwenye hata kuku mmoja si maskini. Mwenyekiti Chilongani akatangaza kwamba anayetaka kuandikwa ampelekee kuku wake.

"Ukishanipa, huna kuku tena," alieleza. "Unakuwa maskini halali."

Sechelela, mjane asiyekuwa hata na kifaranga, akamwuliza, "Si mtugawie wote tu, Mwenyekiti?"

"Wote? Huu ni wa walengwa, mama! Na wewe usiye na kuku, umaskini wako nitauthibitishaje?"

Siku ya ugawaji, afisa kutoka wilayani aliketi uani kwa Chilongani. Kila aliyeandikwa alichukua mfuko wake, mpaka likasomwa jina la mwisho: Chilongani mwenyewe. Hapo Sechelela akasogea.

"Samahani, afisa. Kuku wote hawa wa hapa uani ni wa nani?"

Chilongani aliutazama mfuko wake. "Si wangu! Ni wa wananchi, nawatunzia tu."

"Jamani, mmesikia?" alisema Sechelela. "Kila mtu achukue wake."

Uani pakawa vumbi na manyoya. Vumbi lilipotulia, alibaki jogoo mmoja mwekundu, mnene, aliyetotolewa pale pale.

"Na huyu?" aliuliza afisa, kalamu ikiwa juu ya jina la Chilongani.

Mwenyekiti alitazama huku na huku. Wote walishika kuku, isipokuwa mmoja.

"Wa... wa mama huyu."

Sechelela alimbana jogoo kwapani. "Asante kwa kunitunzia, Mwenyekiti. Afisa, mimi niandike tajiri."