Mshipi wa Mtakatifu Wapata Mvaaji

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii humtia moyo fundi aliyepata hasara, asikate tamaa. Lakini waovu nao wana uhunzi wao, na koleo zao ni tele.

Katika mji wa San Roque, katika milima ya jimbo la Michoacán, palikuwa na jambazi aliyeitwa Kicheche. Alipika dawa za kulevya ndani ya mashamba ya parachichi ya watu, na aliyemkatalia alikiona cha mtema kuni. Eleuterio, mwana pekee wa mjane Refugio, alimkatalia shamba lao. Ikambidi atoroke usiku huohuo, mama yake akabaki na rozari na machozi.

Siku moja helikopta za jeshi zilitanda angani kama nzige. Kicheche akatiwa pingu. Serikali ikatangaza kwenye televisheni kwamba kichwa cha nyoka kimekatwa, nchi sasa ni salama. Aliyewaongoza askari hadi mafichoni alikuwa Kapteni Anselmo, mkuu wa polisi wa mji. Refugio akampelekea kituoni tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda, akambusu mikono.

"Kapteni, Mungu akuzidishie! Mwanangu anarudi Jumapili, sikukuu ya mtakatifu somo wa mji wetu."

"Na aje, mama. Tutampokea," Kapteni alijibu, mdomo umejaa.

Chayo, shoga yake Refugio, akamtania njiani. "Kwa furaha hiyo, Refu, utaolewa na kituo kizima!"

"Koma, huna haya wewe!" Refugio akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumapili, baada ya misa, padri aliuinua mshipi mwekundu. Kwa desturi, anayeuvaa ndiye hugharimia sikukuu ijayo: bendi, fataki na ng'ombe wa kuchinja. Miaka yote alikuwa akiuvaa Kicheche.

"Nani atambebea mtakatifu mzigo wake?" padri akauliza.

Kapteni Anselmo akasimama. Watu walianza kupiga makofi, makofi yakawafia mikononi. Nyuma yake walijipanga vijana wa Kicheche, bunduki zilezile begani. Ndani ya nyumba ya Mungu! Padri alimvika mshipi.

Kapteni akamwinamia Refugio. "Mama, lile shamba ninalihitaji. Mwanao akishuka tu kwenye basi, vijana wangu watamleta tuzungumze."

Refugio alitoka mbio, mtandio ukamwanguka, hakuuokota. Alifika stendi basi likisimama. Wanaume wawili wenye bunduki, wageni mjini, walikuwa wakiwakagua abiria. Eleuterio akatia mguu chini, ndevu zimemjaa usoni, mikono wazi.

"Mama!"

"Mama yako nani?" Refugio akafoka. "Mlevi wewe! Mwanangu hana ndevu. Panda uende zako!" Akamsukuma kifuani kwa nguvu zake zote.

Wale wawili wakaangua kicheko. "Bibi, unamjua huyu?"

"Simjui."

Eleuterio alimtazama, akaona midomo yake inavyotetemeka. Akapanda tena. Petro alipomkana Bwana wake alilia. Refugio alimkana mwanawe akayameza machozi, mpaka basi likapotea kwenye kona.

Kicheche yuko gerezani mpaka leo, na mlimani moshi wa mapishi yake haujakatika. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.