Figo ya Mume wa Mwenzako

Wapendwa, wenye watoto wadogo msihangaike kuwanyamazisha, tutasikilizana tu. Leo nataka tumtazame mkulima mmoja wa vitunguu, na mke wake ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma.

Mkulima huyu alimpenda mkewe. Nitawaambia nimejuaje. Mara tatu kwa wiki alimpeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, na saa nne zote mama akiwa pale, yeye alimsugua miguu, maana ilikuwa inaingia ganzi. Hakuna aliyemwagiza. Siku daktari aliposema, "Mama huyu anahitaji figo ya mtu," mkulima akaanza kufungua vifungo vya shati palepale.

"Funga shati, baba," daktari akamwambia. "Kwanza tupime."

Wakatoa damu. Kule maabara wanachukua chembe za damu za anayetaka kutoa figo, wanazichanganya na maji ya damu ya mgonjwa kwenye kichupa, halafu wanatazama. Vikikaa pamoja kwa amani, mnaendelea. Vikipigana, hata figo iwe nzima namna gani, mwili wa mgonjwa utaifukuza kama mwizi.

Majibu yakatoka. Vilikuwa vimepigana vibaya.

Mkulima akamgeukia mkewe, uso umemshuka. "Mama Watoto, miaka kumi na tisa yote hii, kumbe ndani kwa ndani hunitaki?"

"Mimi nakutaka," mke akajibu. "Waulize hao wa kwenye kichupa."

Daktari akawauliza wamezaa watoto wangapi. Wakasema watano.

"Basi ndiyo sababu," akasema. "Kila mimba ilikuwa na alama zako, baba. Mwili wa mama ukazisoma, ukajifunza kuzipinga. Si kwamba damu yake haikujui. Inakujua kupita kiasi."

"Hiyo sasa ndiyo ndoa," mkulima akasema, na hata muuguzi aliyekuwa akiandika akacheka.

Lakini walipotoka nje hawakucheka tena. Mama angeishi kwa mashine mpaka lini?

Sasa, katika chumba kilekile cha mashine kulikuwa na fundi baiskeli na mke wake, mgonjwa wa figo vilevile, nao wamepewa majibu kama hayo. Wake hawa wawili walikuwa marafiki wa kitambo. Mmoja akipitiwa na usingizi kwenye mashine, mwenzake alimfunika khanga. Waume zao ndio waliokuwa hawasalimiani vizuri, kwa sababu ya kugombania soketi ya kuchajia simu.

Daktari akapata wazo. Akapima tena kwa kuwabadilisha: fundi na mke wa mkulima, mkulima na mke wa fundi. Safari hii damu zikatulia, zote, kama maji mtungini. Akawaita wote wanne.

"Huwezi kumpa mkeo," akamwambia mkulima, "lakini unaweza kumpa mke wa huyu. Naye akampa wako."

Mke wa fundi akashika shavu. "Yaani mimi nitembee mjini na figo ya mume wa mtu?"

"Tembea nayo, shoga," mwenzake akamwambia, "mradi mume mwenyewe umrudishe."

Wakapanga upasuaji wote ufanyike kwa wakati mmoja. Fundi akauliza kwa nini. Daktari akakohoa kidogo. "Mtu akishapata chake, miguu huwa mizito kurudi."

Siku ikafika, na asubuhi hiyo mke wa mkulima akaamka na homa kali. Hakufaa kupasuliwa. Ilibidi kuahirisha yote, lakini mke wa fundi hakuwa na muda wa kungoja. Mshipa wake wa mwisho wa kuunganishia mashine ulikuwa unaziba.

Mkulima akaenda kwa mkewe. "Nikimpa leo, halafu mumewe asirudi, wewe nitakuambia nini?"

Mke alikuwa anatetemeka chini ya blanketi. "Utaniambia ulimponya rafiki yangu. Nenda."

Mkulima akarudi kwa daktari. "Nimelala na njaa kwa ajili ya kazi hii. Nikate."

Wakamkata. Ile figo ikaanza kutoa mkojo kabla hata hawajamaliza kushona, na madaktari wakashangilia.

Wiki mbili zikapita. Mke wa fundi yuko nyumbani, anapika. Mke wa mkulima homa imekwisha, anangoja. Hospitali inapiga simu. Na ndugu za fundi wamemkalisha chini: "Mkeo si amepona? Umesahau nini kule? Zima simu."

Nawaona mnavyokunja uso. Akiizima, tutamwitaje mtu huyo? Mwizi? Mnyama? Msiharakishe kumpa jina, wapendwa. Fundi ni sisi.

Sisi ndio tuliotangulia kupewa, wakati hakuna kitu ambacho kingetulazimisha kurudi. Na aliyetupa hasemi tumrudishie yeye. Mkulima hakuhitaji figo, alikuwa na mpenzi wake kitandani. Bwana naye ana wapenzi wake: yule mjane wa nyumba ya tatu, yule binti aliyefukuzwa kwao na mimba, yule mama unayempita kisimani humsalimii. Tunamwimbia Bwana kwamba tunampenda, na wapenzi wake wanangoja.

Fundi alisimama, akachukua koti. Kaka yake akamwuliza kwa nini asitulie tu nyumbani kwake.

"Nitatuliaje?" akasema. "Kila asubuhi mke wangu akienda chooni, namsikia mkulima."

Akaenda. Cheka, mama, ni ruhusa. Lakini ukimaliza kucheka, sikiliza humo ndani mwako. Hiyo pumzi unayovuta, hao watoto uliowapakata, uliamka navyo vipi leo? Basi usikae. Kuna mtu anakungoja, na vipimo vimeshaonyesha kwamba wewe unafaa.