Bakuli la Muuza Maboga

Mtu mmoja alikuwa na dirisha. Jina lake Zanetto, mchoraji wa mji wa Venisi huko Italia, zamani zile matajiri walipokuja kutoka mbali kununua picha za mji huo wenye maji mahali pa barabara. Dirisha lilitazama uwanja wa soko, naye aliuchora mwaka baada ya mwaka. Alianza na majumba. Kila nguzo aliipa haki yake, hata ufa wa ukutani hakuusahau. Watu aliwaweka mwisho, majumba yakishakauka: tone jeusi hapa, padri, tone jeupe pale, mwokaji mikate. Wanunuzi walihesabu madirisha wakaridhika. Habari za matone hakuna aliyeuliza.

Kila asubuhi mwanamke mmoja alitandaza maboga yake ya kuchoma chini ya dirisha hilo. Aliinua macho akasema, "Umeamkaje, bwana?" Zanetto hakuitika. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa kazini tu, na kuitika kungemharibia mstari. Alipougua kifua, alikuta mlangoni bakuli la supu ya maboga, bado la moto. Akala, akajiambia atalirudisha akipata nafuu. Nafuu akaipata, na bakuli likabaki dirishani kuwekea brashi.

Kisha baridi ikaingia, na mwanamke hakuja. Mwanzoni Zanetto alifurahia utulivu, maskini. Baadaye ukimya ukaanza kumla. Alijikuta amesimama na brashi mkononi akingoja salamu ambayo hajaijibu hata mara moja, na hapo akatambua kwamba katika mji mzima hapakuwa na mwingine aliyemsalimu. Akaliosha bakuli, akachukua picha moja ya uwanja, akateremka sokoni kumtafuta.

Alimwendea mwokaji mikate. Jina la mwanamke hakulijua, wala alikokaa. Alichojua ni shali nyekundu, na wauza maboga wote wa mji ule walivaa shali nyekundu wakati wa baridi. Basi akainua picha, akaweka kidole kando ya tone jekundu lililokuwa yeye. Mwokaji aliisogeza kwenye mwanga, akaikodolea macho, akamrudishia taratibu.

"Bwana, huyu hana uso. Nitamjuaje?"

Zanetto alirudi chumbani. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote ili ampe uso, na mkono wake ukabaki hewani. Nguzo za uwanja angeweza kuzichora amefumba macho. Macho ya mwanamke yule hakujua hata yalikuwa ya rangi gani. Akalia kama mtoto, kisha akalirudisha bakuli dirishani, safi na tupu, na kila asubuhi alifungua dirisha mapema akisikiliza.

Nanyi ndugu zangu, yule anayewaamkia kila siku mkapita zenu, asipoonekana kesho mtamuulizia kwa jina gani?